Kwadrigati, Dinari ya Mapacha, ya Piso au ya Antonius: Uanze na Sarafu Ipi ya Fedha ya Jamhuri ya Roma?

Anayetaka kuanza na sarafu moja ya fedha ya Jamhuri ya Roma, ama kwa kuinunua na kuishika mkononi, ama kwa kuisoma kwa kina kabla hajagusa nyingine, hupata shida siku ileile ya kwanza, kwa sababu Warumi walipiga chapa fedha kwa takriban miaka 250 na kila kizazi kiliacha picha zake, uzito wake na majina yake. Wauzaji nao humwelekeza mgeni kwenye kile walicho nacho kwa wingi, ambacho mara nyingi ni dinari iliyosagika ya Marcus Antonius. Sikubaliani na ushauri huo. Kwa maoni yangu anayeanza atafaidika zaidi na dinari ya Lucius Calpurnius Piso Frugi ya mwaka 90 KK, na hapa nitailinganisha na zile zinazoshindana nayo ili msomaji apime mwenyewe kama hoja zangu zina uzito.

Ninapima kwa mambo matatu. La kwanza ni kiasi gani sarafu yenyewe inasema, yaani maneno na alama ambazo mtu anaweza kuzisoma kwa macho yake bila kusimuliwa. La pili ni fedha iliyomo, na hapa namaanisha madini yenyewe: uzito wake na usafi wake. La tatu ni urahisi wa kuipata ikiwa katika hali nzuri, kwa bei ya mtu wa kawaida na bila kutapeliwa. Umaarufu wa jina lililoandikwa juu yake nimeuweka nyuma ya hayo yote.

Neno lenyewe dinari si geni kwetu. Msomaji wa Biblia ya Kiswahili amelikuta katika Mathayo 20, ambapo vibarua wa shamba la mizabibu wanapatana na mwenye shamba kwa dinari moja kwa siku. Limetufikia kupitia Kiarabu, ambacho kililipokea na kulitumia kwa sarafu ya dhahabu, huku sarafu ya fedha ikipewa jina la dirhamu lililotokana na drakma ya Wagiriki. Huko Roma mambo yalikuwa kinyume: dinari ilikuwa ya fedha, na dhahabu ilikuwa adimu katika sehemu kubwa ya historia ya Jamhuri.

Kabla ya dinari: kwadrigati

Sarafu za kwanza za fedha za Warumi zilifuata mtindo na uzito wa Wagiriki wa kusini mwa Italia. Miongoni mwake ni ile yenye kichwa cha Mars upande wa mbele na kichwa cha farasi upande wa nyuma, na ile yenye Hercules na mbwamwitu jike anayewanyonyesha Romulus na Remus. Ni sarafu nzuri mno, lakini ni adimu na bei yake humweka mbali anayeanza, kwa hiyo nazipita.

Iliyo karibu zaidi na mkono wake ni kwadrigati, iliyopigwa kuanzia mwaka 225 KK hivi hadi ilipong'olewa na dinari. Mbele ina kichwa chenye nyuso mbili za vijana wasio na ndevu, zinazotazama pande mbili, na nyuma Jupiter amesimama katika gari la farasi wanne pamoja na Ushindi (mungu wa kike wa ushindi), akishika radi, huku neno ROMA likiwa kwenye kibao chini ya farasi. Uzito wake wa kawaida ni gramu 6.8 hivi. Ukiipata iliyopigwa mapema, utakuta ROMA limechimbwa ndani ya kibao badala ya kuinuka juu yake, na wachoraji wa miaka hiyo walikuwa na mkono mzuri kweli.

Kinachoifanya iwe ya pekee ni kwamba ndani yake unaweza kuipima vita. Hannibal alivuka milima ya Alpi mwaka 218 KK, akayaangamiza majeshi ya Roma kando ya ziwa Trasimene mwaka 217 KK na huko Cannae mwaka 216 KK, na hazina ya taifa ikaanza kukauka. Kwadrigati za miaka hiyo zinapungua uzito na fedha yake inachakachuliwa kwa shaba. Ukiweka ya mapema na ya mwisho pamoja, tofauti inaonekana hata kabla ya kupima: ya mwisho ni nyembamba, rangi yake imefifia, na nyuso zake zimechorwa kwa haraka.

Hata hivyo siipendekezi iwe ya kwanza. Bei yake hupita ile ya dinari ya kawaida, maneno yake ni hilo moja tu la ROMA, na mtu akiwa na kwadrigati moja pekee haoni safari hiyo ya kushuka thamani, kwani inahitaji sarafu mbili au tatu ili ionekane. Inamfaa yule ambaye moyo wake uko kwenye vita vya Hannibal na ambaye yuko tayari kusubiri.

Dinari ya mapacha na ndugu yake viktoriati

Dinari ilizaliwa katikati ya vita hivyohivyo, mwaka 211 KK au karibu sana na hapo. Wasomi walibishana kwa miongo mingi kuhusu mwaka huo, wengine wakiusogeza mbele sana, hadi uchimbaji wa Morgantina, mji wa Sicilia ulioangukia mikononi mwa Warumi mwaka 211 KK, ulipotoa sarafu za mfumo mpya wa dinari chini ya tabaka la maangamizi la mwaka huo. Sarafu haiwezi kulala chini ya kifusi kabla haijapigwa, na mjadala ukaelekea kufungwa. Siraksi nayo ilikuwa imetekwa muda mfupi kabla, na fedha ya nyara zake haikosi kuwa ilisaidia.

Dinari hizi za mwanzo hazina jina la mtu. Mbele kuna kichwa cha mungu wa kike Roma akiwa na kofia ya chuma yenye mbawa, na nyuma ya shingo yake alama X, yaani thamani ya asi 10, asi ikiwa ni sarafu ya shaba. Upande wa pili mapacha Castor na Pollux wanapanda farasi wao mbio, mikuki mbele, nyota juu ya kofia zao. Warumi waliamini kwamba mapacha hao waliwapigania katika vita vya ziwa Regillus, kisha wakaonekana jijini wakiwanywesha farasi wao kwenye chemchemi ya Juturna na kuleta habari ya ushindi. Zaidi ya miaka 100 baada ya dinari hizi za mwanzo, ofisa mmoja wa familia ya Postumius alichora kisa hicho cha kunywesha farasi kwenye dinari yake, na picha yake ni miongoni mwa zilizotulia kuliko zote katika fedha ya Jamhuri.

Uzito wa awali ulikuwa dinari 72 kwa ratili moja ya Kirumi, ambayo ni gramu 4.5 hivi kila moja, kisha ukashuka ndani ya muda mfupi hadi 84 kwa ratili, yaani gramu 3.9 hivi, na ukakaa hapo kwa muda wote uliobaki wa Jamhuri. Usafi wake ulikuwa wa juu sana. Kwa anayependa fedha kwa ajili ya fedha, dinari ya mapacha ya uzito wa mwanzo haina mpinzani: ni nene, inalala mkononi kwa uzito ambao ndugu zake wa baadaye hawana.

Tatizo lake ni usomaji. Matoleo yasiyo na jina yanafanana, na kuyatenganisha kunategemea umbo la kofia, namna nywele zilivyochorwa na jinsi herufi za ROMA zilivyowekwa kwenye fremu. Aliyezoea huyaona hayo mara moja, lakini mgeni hubaki akitegemea neno la muuzaji, na kumtegemea muuzaji ndiko ninakotaka akuepuke. Baadaye zilianza kutokea alama ndogo, kama nanga au pembe ya neema, kisha herufi chache, kisha majina, na usomaji ukawa mwepesi.

Wakati huohuo ilipigwa viktoriati, ambayo uzito wake ulikuwa robo tatu za dinari, gramu 3.4 hivi. Mbele ina Jupiter, nyuma Ushindi akilivika taji nguzo lililotundikwa silaha za adui. Fedha yake ni duni kuliko ya dinari, haina alama ya thamani, na hazina zilizofukuliwa zinaonyesha kwamba mara nyingi iliwekwa akiba peke yake, hasa kusini mwa Italia ambako watu walizoea uzito wa drakma. Serikali iliyopiga dinari safi kwa mkono mmoja na viktoriati iliyochanganywa kwa mkono mwingine ilijua ilichokuwa ikifanya. Bei yake ni ya chini na picha ya Ushindi ni nzuri, lakini nyingi zimesagika vibaya na zilizovikwa fedha juu ya shaba si chache. Kati yake na dinari ya mapacha ningechukua dinari bila kusita.

Kwinari na sesterti, yaani nusu na robo ya dinari, nitazitaja kwa ufupi. Sesterti ya fedha ni ndogo kama punje, gramu 1 na kidogo, na ilipigwa kwa miaka michache tu. Jambo la kuvutia ni kwamba Warumi walihesabu mali zao zote kwa sesterti ilhali sarafu yenyewe ilikuwa haionekani. Kwinari ilififia mapema kisha ikarudi mwaka 101 KK hivi ikiwa na picha za viktoriati, na ni ya bei nafuu. Zote mbili ni za kuongezea, si za kuanzia.

Dinari zenye majina, na kwa nini Piso

Kazi ya kupiga chapa ilikuwa mikononi mwa vijana wa familia za watu wakubwa waliokuwa wakianza safari ya uongozi, kwa kawaida watatu kwa mwaka, na kiwanda chao kilikuwa karibu na hekalu la Juno Moneta juu ya kilima cha Capitolinus. Kwanza waliweka alama tu, kisha majina yao, na kuanzia miaka ya 130 KK wakaanza kubadilisha picha zenyewe ili ziwasifu mababu zao. Mwaka 137 KK Sextus Pompeius alichora mbwamwitu na mapacha wake, akimweka kando mchungaji Faustulus aliyewaokota. Karibu mwaka 113 KK Publius Licinius Nerva alichora raia wakipiga kura: mmoja anapokea kibao cha kura kutoka kwa mhudumu aliye chini, mwingine anakitumbukiza, na yote hayo katika duara la milimita 18. Sijui sarafu nyingine ya kale inayouonyesha uchaguzi kwa uwazi namna hiyo. Mwaka 54 KK, Brutus yuleyule aliyekuja kumuua Caesar alimchora babu yake aliyewafukuza wafalme, akitembea katikati ya walinzi wake.

Katika kipindi hichohicho thamani ilibadilishwa. Karibu mwaka 141 KK dinari ilipandishwa kutoka asi 10 hadi asi 16, na kwa muda mfupi alama XVI ilichukua nafasi ya X. Dinari yenye XVI nyuma ya shingo ya Roma ni ya thamani kubwa kwa mwalimu wa historia, kwa kuwa inaonyesha badiliko la sera ya fedha kwa herufi tatu tu.

Sasa nije kwa Piso. Mwaka 90 KK Waitalia waliokuwa washirika wa Roma walikuwa wameasi wakidai uraia, wakaunda makao yao makuu Corfinium, na wakapiga fedha yao wenyewe ambayo moja ya picha zake ni fahali wa Italia akimkanyaga mbwamwitu wa Roma. Roma ilihitaji kuwalipa askari wengi kwa haraka, na Piso akapiga mojawapo ya matoleo makubwa kuliko yote katika historia ya Jamhuri. Mbele ni Apollo mwenye taji la majani ya mlaureli. Nyuma ni mpanda farasi anayekwenda mbio, na chini yake jina L PISO FRVGI. Picha zote mbili zinakumbusha Michezo ya Apollo yenye mashindano ya farasi, ambayo mtu wa ukoo wake, Gaius Calpurnius Piso, aliifanya kuwa ya kila mwaka alipokuwa pretori, yaani ofisa mkuu wa sheria, mwaka 211 KK.

Dinari yangu ya Piso ina gramu 3.84. Apollo ana nywele zilizoning'inia shingoni katika vishungi vitatu, na kila jani la taji lake lina mstari katikati. Mpanda farasi amebeba tawi la mtende ambalo upepo umelilaza nyuma ya bega, na miguu minne ya farasi haigusi chini. Kisha, ukishasoma jina, jicho linakutana na tarakimu ndogo chini ya herufi, na nyuma ya kichwa cha Apollo alama nyingine. Hizo ni alama za udhibiti. Mafundi waliweka kwenye kila muhuri wa kupigia herufi, tarakimu au kitu kidogo kilichochorwa, ili mihuri itambulike, na kwa kuwa Piso alitumia mamia ya mihuri, alama zake ni mamia vilevile. Hivyo sarafu mbili za Piso zilizo mezani kwa muuzaji huenda zisilingane alama hata kidogo, na kila moja ni kama ukurasa wa daftari la kiwanda.

Hapo ndipo Piso anapowashinda wengine wote kwa yule anayeanza. Jina linasomeka, mwaka unajulikana, sababu ya kupigwa inajulikana, na bado kuna kazi ya kufanya kwa macho yako mwenyewe: kusoma alama na kuitafuta katika orodha. Kumbukumbu inayotumiwa na wote ni namba za katalogi ya Michael Crawford ya mwaka 1974, ambamo dinari ya Piso ni 340/1, na muuzaji mwaminifu huiandika namba hiyo bila kuombwa. Aidha, kwa sababu zilipigwa nyingi, zilizo katika hali nzuri hupatikana kwa bei ambayo kwa dinari ya Caesar ingekupatia kipande kilichosagika tu.

Tahadhari moja: miongo michache baadaye Gaius Piso Frugi alirudia picha zilezile. Tofauti iko kwenye jina, C PISO L F FRVGI, yaani Gaius mwana wa Lucius. Nimeona matangazo yaliyowachanganya hao wawili, kwa hiyo soma herufi ya kwanza kabla ya kitu kingine chochote.

Mshindani wa karibu ni Publius Crepusius wa mwaka 82 KK, ambaye naye ana Apollo mbele na mpanda farasi nyuma, ila huyu amenyanyua mkuki. Crepusius aliitia namba mihuri yake kwa mfululizo hadi kupita 500, na kwa mtafiti anayetaka kujua kiwanda cha Roma kilifanya kazi kwa mpangilio gani, yeye ni bora kuliko Piso. Kwa uzuri wa kuchorwa, na kwa sababu ya vita vilivyomzaa, nabaki na Piso.

Zenye meno ukingoni

Kuna dinari ambazo ukingo wake umekatwa kwa patasi, jino baada ya jino, kabla ya kupigwa chapa, zikawa na umbo la msumeno wa duara. Huitwa serati, na Tacitus anaeleza kwamba Wajerumani walizipendelea katika biashara pamoja na nyingine za zamani walizozijua. Baadhi zina picha ambazo mtu hazisahau: Gaius Mamilius Limetanus, mwaka 82 KK, alimchora Ulysses akirudi nyumbani na fimbo yake, na mbwa wake mzee Argos akiinua kichwa kumtambua. Lucius Papius, mwaka 79 KK, aliweka alama za udhibiti za vifaa vinavyokwenda wawiliwawili, mbele kimoja na nyuma mwenzake, na mkusanyaji anaweza kutumia maisha yake yote kuzitafuta jozi hizo.

Wengi husema meno yalikatwa ili kuthibitisha kwamba ndani hakuna shaba. Maelezo hayo yana mvuto, lakini sarafu yenyewe imenifundisha vingine. Miaka kadhaa iliyopita nilinunua kwa mtandao serati ya Gaius Naevius Balbus, yenye Ushindi katika gari la farasi watatu, kutoka kwa muuzaji ambaye hakuwa ameandika uzito. Ilipofika niliipeleka kwa sonara mmoja ninayemwamini, kwa sababu mizani yake ni sahihi kuliko yangu. Ikasoma gramu 3.1. Sonara akaweka lenzi yake jichoni, akaizungusha sarafu polepole kwa vidole viwili, akasimama kwenye jino moja na kunionyesha: ndani kabisa ya mkato, ganda la fedha lilikuwa limepasuka na rangi nyekundu ya shaba ilikuwa ikichungulia, na pembeni yake kijani cha kutu. Aliyeitengeneza, enzi hizohizo za kale, alikata meno kwenye shaba kwanza kisha akaivika fedha. Sonara kwa wema wake alitaka kuitumbukiza kwenye asidi ing'ae, nikamzuia, kwa kuwa weusi wa fedha ya kale ni sehemu ya umri wake na ukiondoka haurudi.

Sikulalamikia ughushi wake, kwani ghushi ya Kirumi nayo ni kitu cha Kirumi. Nililalamikia kulipishwa bei ya fedha kwa kitu cha shaba, na tangu hapo sinunui chochote kisichoandikwa uzito. Warumi wenyewe waliteswa na jambo hilohilo. Cicero anasimulia kwamba katika miaka ya 80 KK thamani ya sarafu iliyumba hata mtu hakuweza kujua anamiliki nini, na pretori Marius Gratidianus alipotangaza amri ya kurekebisha hali hiyo, watu walimjengea sanamu katika kila mtaa na kuziwashia mishumaa na ubani. Kwenye dinari nyingi za kipindi hiki utaona vijitundu au vialama vidogo vilivyogongwa na wabadili fedha waliokuwa wakizijaribu. Wengine huviona kama dosari inayoshusha bei. Mimi huviona kama saini ya mtu aliyeishika sarafu hiyo na kuishuku.

Kwa ulinganisho basi: serati ni ya pili kwangu baada ya Piso kwa masimulizi, na ya Mamilius ningeiweka sawa na Piso lau bei yake isingekuwa juu hivyo.

Caesar na Antonius

Umaarufu una gharama yake. Dinari ya tembo ya Julius Caesar, ya mwaka 49 hadi 48 KK, ilipigwa kwa wingi mkubwa alipokuwa akivuka Italia na jeshi lake: tembo anamkanyaga nyoka, chini neno CAESAR, na nyuma vyombo vya makuhani. Ni sarafu ya kawaida iliyofanywa ghali na mahitaji, na kwa sababu hiyohiyo waghushi wa leo wanaipenda. Dinari za mwanzoni mwa mwaka 44 KK, zenye sura ya Caesar mwenyewe na maneno ya udikteta wa milele, ni jambo kubwa katika historia ya Roma, kwa kuwa jijini humo hakuna Mrumi aliye hai aliyewahi kuwekwa kwenye sarafu namna hiyo. Anayeanza azitazame katika majumba ya makumbusho. Hali kadhalika ile ya Brutus yenye kofia ya uhuru katikati ya majambia mawili na maneno EID MAR, yaani Machi 15, siku aliyouawa Caesar.

Antonius ni hadithi nyingine. Mwaka 32 hadi 31 KK, akijiandaa kupambana na Octavian huku Cleopatra wa Misri akiwa upande wake, alipiga dinari kwa ajili ya majeshi yake: mbele merikebu ya makasia, nyuma tai wa lejioni (kikosi kikubwa cha jeshi la Roma) katikati ya bendera mbili, na namba ya lejioni, kwa mfano LEG III. Fedha yake ni duni kuliko ya dinari za kabla yake, na unyonge huo ndio uliozipa maisha marefu. Watu waliweka akiba au kuyeyusha sarafu nzuri, na hizi wakaendelea kuzitumia sokoni kwa zaidi ya miaka 200, mpaka merikebu ikabaki kivuli. Katika miaka ya 160 BK watawala Marcus Aurelius na Lucius Verus walipiga tena picha hizohizo kwa heshima ya lejioni ya VI, na sarafu za Antonius mwenyewe zilikuwa bado zikizunguka.

Naelewa kwa nini zinapendekezwa: bei ni ya chini, jina ni kubwa, tukio ni la kutikisa dunia. Lakini pima kwa yale mambo matatu. Fedha yake ni ya chini kuliko ya dinari nyingine nilizozitaja. Maandishi ya upande wa mbele mara nyingi yamekwisha. Na namba ya lejioni, ambayo ndiyo roho ya sarafu hii, huwa imefutika nusu, kiasi kwamba II, III na VII zinabaki kubahatishwa. Tena wapo wanaoichonga upya kwa kifaa chenye ncha ili ionekane ya lejioni inayotafutwa zaidi. Kwa pesa zilezile, au ukiongeza kidogo, Piso atakupa sura kamili ya Apollo, jina lote na alama mbili za kusoma. Antonius mchukue awe wa pili, na uchague ambayo namba yake inasomeka bila msaada, hata kama merikebu imesagika.

Kwa hiyo mwalimu anayetaka kitu cha kuonyesha darasani namshauri Piso au dinari ya XVI. Anayefuatilia vita vya Hannibal namshauri dinari ya mapacha, na kwadrigati akiwa na subira. Mpenzi wa picha na visa achukue serati iliyopimwa uzito. Yeyote kati yao, kabla hajalipa, aombe uzito kwa gramu, picha ya ukingo, namba ya Crawford, na karatasi inayoonyesha sarafu ilipitia mikononi mwa nani. Karatasi yenyewe pia ichunguzwe: sarafu ya dhahabu ya EID MAR iliyouzwa London mwaka 2020 kwa mamilioni ya pauni ilikuwa na maelezo ya asili yaliyotungwa, na mwaka 2023 ilirudishwa Ugiriki. Kwa dinari ya Piso, karatasi ya mnada wa zamani yenye picha inatosha, mradi alama iliyo nyuma ya kichwa cha Apollo katika picha hiyo iwe ndiyo ileile unayoiona kwenye sarafu.